Gusa, Kisha Toka

3 Februari

Mwanangu Miwani,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana nakujua, ungeanza na shikamoo ya ukurasa mzima. Sisi hatujambo. Mama yako anashona, anaguna, anashika kiuno, anashona tena. Mgongo wake uko vilevile ulivyouacha ulipokwenda shule.

Nimepata kazi mpya. Usicheke. Mama yako alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Najua, kuku wangu walikufa, genge langu likafungwa, mashine ya kusaga ikaungua kabla haijasaga debe moja. Mtaa mzima unaniita Kisirani na wanadhani masikio yangu ni mapambo. Lakini hii si biashara, ni ufundi wa mikono, na mikono ninayo. Nimepiga pasi mashuka ya watu kwa dobi tangu wewe hujazaliwa.

Ametufundisha mama mmoja mtaalamu wa kutuliza maumivu kwa vidole, kwenye ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Humkandi mtu, kukanda ni kwa unga. Unaweka vidole gumba juu ya ngozi, unailegeza, unaisogeza mpaka ukingo wa msuli, unangoja kidogo, halafu unauvuka ule msuli taratibu kama unavyopitisha kidole juu ya kamba iliyolegea. Basi! Mwalimu anasema nguvu yake isizidi ile ambayo ungeweza kuligusia jicho la mtoto aliyelala asiamke. Ukishagusa hivyo mara chache, unatoka chumbani. Unafunga mlango, unakwenda kukaa nje kama mtu aliyefukuzwa. "Gusa, kisha toka," ndivyo anavyotuambia. "Uache mwili usikilize."

Nilianza na mama yako jana. Nilipoondoa vidole akaniuliza, "Umemaliza? Dada, hata inzi hukaa zaidi." Lakini nilipotoka akalala usingizi mchana kweupe, na gauni la watu liko mashineni. Lini ulimwona mama yako analala mchana?

Ni mimi mama yako mkubwa,
Mtaalamu (zamani Kisirani)

14 Februari

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimefupisha kama ulivyotaka.

Barua yako niliisoma nyuma ya bweni ili nicheke peke yangu, ila nilipofika kwenye kulala kwa mama sikucheka tena. Nimefurahi sana. Sikumbuki kumwona amelala mimi nikiwa macho.

Nimetafuta maktabani kitabu kinachoeleza ufundi wako, hakipo. Kipo kile cha biolojia chenye picha ya mtu asiye na ngozi. Nimeitazama misuli ya mgongo na kuhesabu majina yake, lakini kitabu kinasema misuli inavuta na kulegea tu, hakisemi kama inasikiliza. Kwa hiyo nina maswali, na tafadhali usiyaone kama ni utovu wa adabu. Mguso mwepesi namna hiyo unafikaje ndani? Kama mwili unajiponya wenyewe, kwa nini ungoje kidole cha mtu? Na kwa nini lazima utoke? Kwani ukibaki mwili hausikilizi?

Hapa niko salama. Walimu wanasema sauti yangu darasani haifiki kwenye dawati la pili. Ninajitahidi.

Mwanao,
Miwani

25 Februari

Miwani wangu,

Maswali yako nimeyapeleka kwa mwalimu kama yalivyo. Akasema, "Huyo mtoto ni wa kuogopwa." Sasa sikiliza, na mimi nilivyosikia ndivyo ninavyokuambia.

Umewahi kumenya chungwa? Kila kipande kimevikwa utando mweupe, na vipande vyote vimefungwa pamoja na utando mwingine. Mwili nao ni hivyo. Kila msuli una utando wake, na tando zote zimeshikana toka utosini mpaka unyayoni. Mtu akiinama juu ya cherehani miaka na miaka, utando unajikunja na kukauka kama kitambaa kilichoanikwa kikiwa kimekunjwa. Ukimbonyeza kwa nguvu, mwili unajihami. Ukigusa kidogo, unashangaa. Mishipa ya fahamu inapeleka habari kichwani: kuna nini hapo? Kichwa kinapochunguza ndipo kinapokumbuka kulegeza. Na unatoka kwa sababu mgonjwa akikuona utamchekesha, au atataka kukupendeza. Mwili uachwe peke yake na habari yake.

Zipo na sheria. Anywe maji. Asirudiwe mpaka juma lipite. Na asichanganye, yaani asiguswe na mwingine yeyote kwa ajili ya maumivu yale yale, maana mwili utapokea habari mbili na kuvurugikiwa. Tena siku za mwanzo anaweza kuzidiwa: kuuma, kufa ganzi, kuchoka. Asiogope, huo ni mwili unajibu.

Muuza mkaa wa kona, yule aliyekuwa akigeuza mwili mzima ili akuone, sasa anageuza shingo. Amekwenda kuigeuza kwenye kila duka. Watu wanakaa barazani kwetu wakinisubiri! Mimi! Hawasemi tena Kisirani, wananiita Vidole. Jana mtoto wa jirani kaniamkia "Shikamoo bibi Vidole", nikaingia ndani kulia kidogo.

Mama yako anaendelea vizuri sana. Kila nikirudi chumbani namkuta anatabasamu.

Vidole

9 Machi

Mwanangu,

Sijui kuandika barua ndefu, ninajua kukunja pindo. Nitasema moja kwa moja.

Mgongo hauniumi tena kama zamani. Hilo ni kweli, na dada ana haki ya kujisifu. Lakini mguu wa kulia umekufa. Siusikii ukikanyaga pedali, mpaka nitazame chini. Sasa natumia wa kushoto. Na pale ninapokalia pamekuwa kama pa mtu mwingine. Tena naona haya kumwandikia mtoto wangu, mkojo unakataa kutoka, nakaa chooni mpaka nachoka.

Dada anaponigusa na kutoka, mimi husubiri nisikie kiti chake kimelia huko nje. Halafu najaribu kukunja kidole gumba cha mguu. Namwita moyoni kama mtu: njoo. Haji. Nikisikia kiti kimelia tena najua anarudi, basi naupanga uso wangu. Anakuta natabasamu. Anasema, "Umeona?" Nasema, "Nimeona."

Muuguzi wa zahanati alinitaka niende hospitali kubwa wanitazame mgongo. Nikimwambia dada atajua kwamba hajanisaidia. Wewe hukumwona zamani wakati watu wanavuka njia wasikutane naye asubuhi. Sasa anaoga mapema, anapaka mafuta mikono, anawapokea wagonjwa kama mke wa mkubwa. Nimekaa naye maisha yangu yote na sikuwahi kumwona akitembea kifua mbele. Mguu mmoja si kitu.

Usimwambie. Nimekuandikia wewe kwa sababu lazima nimwandikie mtu.

Mama yako

18 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Unisamehe mwandiko, naandika upesi.

Nilimwuliza mwalimu wa biolojia. Sikusema ni wewe. Nilisema nimesoma hadithi ambayo mtu anakufa ganzi mahali anapokalia na mkojo unakataa. Mwalimu akaacha kusahihisha akaniangalia. Akasema, "Huyo wa kwenye hadithi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Pale chini ya mgongo mishipa ya fahamu imebanwa. Ikichelewa hairudi." Akaniuliza hadithi inaishaje. Nikasema sijafika mwisho.

Mama, tafadhali nenda. Nenda ukisoma hapa, kabla ya kumaliza.

Nilikwenda kwenye ofisi ya matroni niombe kupiga simu nyumbani. Kulikuwa na wanafunzi wengi na mlango uko wazi, na ili upewe simu lazima useme mbele ya wote ni nani anaumwa na anaumwa nini. Nilisimama. Nilipofikiwa nikasema nimekuja kuomba chaki. Nikapewa chaki. Ninayo hapa.

Mama mkubwa hatakasirika. Anakupenda. Mwambie.

Mwanao,
Miwani

27 Machi

Mwanangu,

Tulia. Wewe na vitabu vyako mnajitisha bure.

Nitakwenda, nimeshaamua. Lakini nivumilie kidogo. Mwalimu wa dada anakuja nyumbani kumwona akifanya kazi ili ampe cheti chake. Atakuja na wenzake dada waliosoma pamoja, na muuza mkaa kajialika. Mgonjwa atakayeonyeshwa ni mimi, dada kanichagua. Amenunua shuka jeupe, amelipiga pasi mpaka linasimama peke yake. Kila jioni ananifanyia mazoezi ya hotuba: "Huyu ni mdogo wangu, fundi cherehani, alikuwa hawezi kuinuka kitini." Siwezi kumwachia shuka lile bila mtu juu yake.

Wakishaondoka tu, nakwenda hospitali. Nimekuahidi.

Mguu wa kushoto nao umeanza uvivu, lakini ni mguu wenye kazi ya miguu miwili, lazima uchoke.

Usimwambie.

Mama yako

2 Aprili

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nitavunja neno la mama na sijui nitamtazamaje.

Mama si mzima. Mguu wa kulia haufanyi kazi na wa kushoto unaufuata. Amekufa ganzi sehemu za kukalia, na mkojo unakataa. Huo si mwili unaojibu. Mwalimu wetu anasema ni mishipa ya fahamu imebanwa mgongoni, na kila saa inayopita inaua. Anakuficha kwa sababu anakupenda na hataki uache. Unapotoka chumbani hujaribu kukunja kidole cha mguu, hakikunjiki, ndipo anatabasamu kabla hujaingia.

Mpeleke hospitali ukisoma hapa. Usingoje wageni. Mwambie mimi ndiye niliyesema.

Samahani sana.

Miwani

21 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ilifika asubuhi ile ya wageni. Nilikuwa na sahani mkono huu na viti mkono huu, nikaitia mfukoni mwa aproni niisome wakishaondoka. Nilimgusa mama yako mbele ya watu nayo iko mfukoni. Ilikuwa inakwaruza kila nilipoinama.

Niligusa vizuri, Miwani. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Tukatoka wote, chumba kizima, tukasimama barazani kimya kama watu wa msibani, muuza mkaa akakohoa akakaripiwa. Tuliporudi mwalimu akamwuliza, "Mama, unajionaje?" Akasema, "Mwepesi." Watu wakacheka kwa furaha. Mwalimu akasema, "Basi inuka uwaonyeshe." Mama yako akanitazama. Akashika ukingo wa kitanda, akajiinua kwa mikono, akaanguka. Hakujikinga hata kidogo, kama nguo iliyochomolewa kwenye kamba. Na shuka lililowa. Akawa anajaribu kulifunika palipolowa kwa gauni lake, huku anawaambia watu, "Nimeteleza tu."

Muuza mkaa ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari. Barua niliisoma kwenye benchi la hospitali.

Wamempasua. Daktari ni kijana, hakuwa mkali, heri angekuwa. Alisema kuna kitu kati ya pingili za mgongo kilitoka mahali pake kikaikandamiza mishipa. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa namtibu. Akaniuliza nilikuwa namfanya nini. Nikamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe. Akautazama mkono wake, akasema, "Hii haikumdhuru, mama. Kilichomdhuru ni muda." Nikamwuliza atatembea lini. Akasema tushukuru yuko hai.

Mwalimu alileta cheti hospitalini. Nilimrudishia.

Nilimwambia kila wiki, ganzi ni mwili unajibu. Nilimwambia asichanganye. Nilikuwa nikitoka na kufunga mlango, Miwani. Miguu ya mdogo wangu inakufa, mimi nje nahesabu wagonjwa barazani.

Mama yako mkubwa

2 Juni

Mwanangu,

Tangu likizo iishe na urudi shule nyumba imezidi kuwa kimya. Uliyaona mwenyewe. Kitanda changu kipo pale ilipokuwa cherehani, mpira wa mkojo unaning'inia kama mkoba wa mgeni asiyeondoka. Hayo nimeyazoea. Nilikuwa mtu wa kukaa, sasa ni mtu wa kulala, tofauti si kubwa.

Lakini dada. Hukumwona vizuri, alikuwa akijikaza kwa ajili yako. Hali chakula. Hashiki kitu kwa mkono wazi, hata kunigeuza anavaa glavu za jikoni. Watu wamekuja na shingo zao na viuno vyao, anawaambia Vidole amehama. Amekaa na barua yako. Anaisoma. Ile sehemu ya kidole cha mguu anaijua kwa moyo, nimemsikia akiisema peke yake.

Sikulaumu. Ulikuwa na haki. Lakini uniambie barua ile ilimponya nani. Mimi haikunifikia kwa wakati, na yeye imemmaliza.

Jana alikuwa ananifunika. Glavu ilimvuka, mkono wake ukapita juu ya unyayo wangu. Nikasema, "Dada, mkono wako una baridi."

Akasimama. Akaniuliza, "Umesikia?" Nikasema, "Nimesikia kidogo."

Sikusikia kitu, mwanangu. Nilimwona. Hapo chini mimi sina chochote, hata nikikatwa. Lakini ungemwona alivyokaa chini sakafuni akalia na kucheka, akavua na ile glavu ya pili. Usiku akala wali wote uliokuwa sufuriani. Leo ameniomba kwa adabu, kama msichana anaomba kucheza dansi, kama naweza kumruhusu aiguse miguu yangu kidogo tu. Nikamruhusu.

Mara ya kwanza ulisema. Safari hii usiseme. Hakuna tena cha kuokoa kwangu, kwake kipo.

Mama yako

12 Juni

Mama,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nilitafuta sababu ya kusema na sikuiona. Mguu uliokufa hauwezi kufa tena.

Sitasema.

Miwani

30 Juni

Miwani wangu, mwanangu, taa yangu!

Umeandikiwa? Najua mama yako mvivu wa kalamu, basi acha nikuandikie mimi. Anasikia! Tulianza na unyayo wa kulia, sasa mpaka kifundo. Kila nikigusa namwuliza, "Hapa?" Anasema, "Hapo." Namwuliza, "Na hapa?" Anasema, "Hapo kidogo." Nilimwambia daktari wa kliniki. Akampima kwa sindano, mama yako akamwambia hasikii. Nikamwuliza baadaye mbona amekana, akasema, "Ile ni sindano, dada. Wewe ni wewe."

Daktari akanivuta kando akasema nisijipe matumaini. Nikamwambia, "Mwanangu, nimeishi bila hayo muda mrefu kuliko umri wako."

Usidhani nimerudi kujidai. Sipokei watu. Sitaki cheti. Sijui kama ni utando, ni mishipa au ni Mungu, na siulizi tena jinsi inavyofanya kazi. Mimi namgusa mdogo wangu tu, natoka, narudi. Sasa nikitoka siketi. Nasimama nyuma ya mlango naomba.

Jana aliniambia jambo ambalo hajawahi kulisema tangu apasuliwe. Amesema, "Dada, leo miguu inasikia baridi." Baridi, Miwani! Sikumgusa, amesikia mwenyewe! Nimemwambia asubuhi hii nitamchemshia maji, nimkalishe kwenye kile kiti chake cha magurudumu, aitie miguu ndani ya beseni kama mtu.

Niandikie. Furahi na mimi.

Vidole (nimelirudia jina, mama yako ndiye aliyeanza)

15 Julai

Mwanangu,

Naandika polepole ili nisikose neno.

Nilichemsha maji. Nikayachanganya na ya baridi kwenye beseni, nikatia mkono. Mikono yangu hii imeunguzwa na mvuke wa dobi maisha yangu yote, haijui moto wala vuguvugu. Kwa hiyo nikamwuliza yeye. Nikamtia mguu mmoja, nikamwuliza, "Yamezidi?" Akasema, "Yako sawasawa, dada." Nikamtia wa pili. Akasema, "Ah, raha."

Halafu nikatoka.

Sikuwa na sababu ya kutoka. Yale yalikuwa maji, hayakuwa ule ufundi. Ni mazoea tu, nimefundishwa ukishagusa utoke, mwili usikilize. Nilisimama nyuma ya mlango nikaomba, nikashukuru, nikaona nisiharakishe, ajiburudishe. Niliporudi alikuwa anatabasamu kama kawaida. Nikapiga magoti, nikauinua mguu nikaukausha. Ngozi ikabaki kwenye taulo. Nikautazama mguu, nikautazama uso wake, bado anatabasamu. Alikuwa hajatazama chini. Mpaka nilipopiga kelele ndipo naye akatazama.

Yuko hospitali. Vidonda vimeoza upesi, sukari nayo wameikuta imepanda. Wanasema mguu wa kulia utakatwa juu ya kifundo, wa kushoto bado wanautazama.

Mimi namwuliza kila siku, "Ulisikia?" Ananiambia, "Nilisikia, dada, nilivumilia tu nisikuvunje moyo." Muuguzi yuko pale anapanga dawa, anatazama ukuta. Nataka kumwamini mdogo wangu. Kama alisikia akavumilia, basi ana miguu, na mguu mmoja ukibaki nitaugusa mpaka utembee. Kama hakusikia, sijui mimi nilikuwa nashika nini tangu Juni.

Yeye hukuandikia ya moyoni. Ndivyo ilivyokuwa mara ile. Basi niambie wewe, na usinionee huruma. Mama yako alisikia? Na kama hakusikia, ulijua?

Mama yako mkubwa

20 Julai

Mama mkubwa,

Shikamoo.

Hakusikia. Hata mara moja. Siku glavu ilipokuvuka aliuona mkono wako, hakuusikia. Aliniandikia siku ya pili yake akaniambia nisiseme, nami nilijibu kwamba sitasema. Barua yako ya Juni, ya kumchemshia maji, niliipata. Niliisoma mara moja nikajua maji yale yatakuwa moto, nikajiambia mama mkubwa hawezi kukosea maji. Tena yalikwisha kumwagwa tayari, barua huchelewa. Hayo nilijiambia nikiwa bado sijaukunja ukurasa. Sikwenda kwa matroni. Safari hii sikusimama hata mlangoni.

Mara ya kwanza nilisema, ikawa nimechelewa. Mara ya pili sikusema. Nimetafuta ipi kati ya hizo ilikuwa njema, kitabuni hakuna, na mtu wa kumwuliza sina.

Nimepewa ruhusa ya kuja. Nitafika barua hii ikiwa imeshanitangulia kwa siku moja au mbili. Ukitaka kunifukuza nitaelewa, ila nikubalie nimwone kwanza.

Nakuomba jambo moja kabla sijafika. Usimwambie kwamba umejua. Anadhani hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kukupa. Atakapotoka chumba cha upasuaji atakutafuta kwa macho, nawe utataka kumwuliza kama anasikia. Usimwulize. Wala usitoke.

Mguse mabegani. Huko anasikia.

Miwani